Wali wa Mzee wa Mlimani

Tangu mchele uanze kuuzwa bila mizengwe sokoni, hata sisi watu wa ndizi tumezoea kuula. Kuupika ni jambo jingine. Jumamosi moja mjini Moshi, kwenye meza ya mama anayeuza mchele wa mashamba ya Chekereni, mbele yangu alisimama mzee mwenye koti zito la mlimani. Muuzaji akamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Mama, mchele wako una kasoro. Kila nikiupika unakuwa uji.”

“Unapika mwenyewe, baba?”

“Mke wangu yuko Arusha, anamlea binti yetu aliyejifungua. Anarudi kesho. Nataka akute chakula cha maana.”

“Maji unatia kiasi gani?”

Mzee akaonyesha kifundo cha mkono. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka.

“Gusa mchele kwa ncha ya kidole,” muuzaji akamwelekeza, “maji yaishie pingili ya kwanza. Yakikauka, punguza moto, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko. Na usikoroge.”

“Hata kidogo?”

“Baba, huu si mtori wa ndizi!”

Wiki iliyofuata nilimkuta palepale, safari hii na mkewe. Mama yule alimshika muuzaji mikono yote miwili.

“Nilipofunua sufuria nikauliza ni jirani gani kanipikia. Kumbe ni huyu!”

Mzee alitazama pembeni, akajaribu kutotabasamu, akashindwa.

“Leo mfundisheni maharage,” mkewe akaendelea. “Mimi narudi kwa mjukuu.”

Akina mama wa Moshi, Arusha si mbali; waachieni waume sufuria.