Mabibi Arusi Wawili, Gauni Moja

Kamati ya harusi yetu ilikuwa na watu kumi na mmoja, na chumba nilichokuwa nimepanga katika mtaa wa Tena, Nairobi, kilikuwa na viti vitano. Waliobaki waliketi kitandani na juu ya kreti za soda. Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, na juu ya kila ukurasa wa daftari lake katibu alikuwa ameandika lengo letu: harusi nzuri kwa pesa kidogo. Hiyo pesa kidogo kila mtu aliielewa. Hilo neno "nzuri" ndilo lililotutesa.

Mwenyekiti alikuwa shangazi ya mchumba wangu. Alikuwa ametoka magharibi mwa Kenya miaka mingi iliyopita, akauza mitumba, akasimamia harusi za watu wa kanisa mpaka akawa anaongea kama yeye ndiye aliyeanzisha ndoa duniani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufanyiwa harusi. Alihamia kwa mumewe na sanduku moja, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele yake.

Tulijadili rangi ya riboni Jumapili tatu mfululizo. Mjumbe mmoja, fundi wa redio ambaye mchango wake wote ulikuwa maoni, alisisitiza zambarau. Alisisitiza huku akimalizia mandazi yangu. Mchumba wangu, aliyekuwa mpakiaji mizigo katika bohari moja, alitazama dari muda wote kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Mimi nilikuwa nikishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kola mia moja na zaidi kwa siku. Kwa hiyo ajenda ilipofika kwenye gauni, niliona hilo halina shida.

"Nitajishonea," nikasema. "Kitambaa nimeshakiona sokoni Gikomba, cheupe, kizuri sana."

Yule wa zambarau aliacha kutafuna.

"Binti yangu," shangazi akasema polepole, "bibi arusi hajishonei gauni. Watu wa Donholm watakuja. Watasema nini?"

"Watasema limeshonwa vizuri."

"Watasema hatuna kitu."

Watu wa Donholm walikuwa binamu wawili wa mchumba wangu. Walikuwa wamehama kutoka Tena mwaka uliotangulia, na tangu wavuke kwenda upande ule wa wenye nafasi walianza kuulizia mtaa wetu kama watu waliousoma gazetini. Harusi nzima ilipangwa kwa ajili ya macho yao manne.

Shangazi akatangaza kwamba gauni ataliwajibikia yeye. Alimjua mama mmoja mwenye duka mjini aliyekuwa akikodisha magauni. Nilienda kulijaribu mara moja, na nakiri lilikuwa zuri: shanga kifuani, mkia mrefu wa kufagia kanisa lote. Lilinuka dawa ya nondo na marashi ya mwanamke mwingine. Lilinibana kidogo ubavuni, lakini nikaambiwa bibi arusi anapaswa kubanwa. Lingeletwa nyumbani kwangu Jumamosi ya harusi, saa mbili asubuhi.

Saa mbili ikafika, gauni halikuja. Saa nne nilikuwa nimesukwa, nimepakwa poda, nimejifunga leso kifuani, sina la kuvaa. Harusi ilikuwa saa saba.

"Liko njiani," shangazi akasema.

Saa tano akasema limekaribia. Nikamshika mkono.

"Shangazi, linatoka wapi?"

"Donholm."

"Linafanya nini Donholm?"

Akatazama pembeni. "Linaolewa."

Nilimwelewa mara moja, nikatamani nisingemwelewa. Gauni lilikuwa limekodishwa kwa mabibi arusi wawili siku hiyo hiyo, na mwenzangu alikuwa wa asubuhi. Shangazi akaapa kwamba hata yeye alikuwa amepata habari alfajiri ile tu.

Tukapanda pikapu iliyopaswa kwenda kuchukua soda, mimi na shangazi na dereva, huku riboni za zambarau zikipepea kwenye vioo. Tulipofika, kanisa lilikuwa linatoka. Nikaliona gauni langu mlangoni, limesimama katika jua, ndani yake dada mnene aliyebanwa kweli kweli, mwenye uso wa furaha. Mama mmoja akaniona nimesimama na leso yangu, akanihurumia, akanipa vipande vya karatasi nimrushie bibi arusi. Nikarusha. Ningefanya nini?

Shangazi akapenya hadi kwa wasimamizi, akanong'ona, akaonyesha kwa kidole. Yule dada akanigeukia. Naye hakuwa ameambiwa kitu.

"Lakini sijapigwa picha hata moja!" akalia.

Tukampa dakika kumi. Mpiga picha alimsimamisha peke yake, na bwana arusi, na wazazi, na kwaya, kisha shangazi yangu akaanza kupiga makofi kama anayefukuza kuku. Tukaingizwa sisi wawili katika chumba cha nyuma, panapowekwa majoho ya kwaya, mlango ukafungwa.

Zipu ilikataa. Nikavuta, akavuta pumzi, nikavuta tena, ikapasuka kuanzia mgongoni hadi kiunoni. Tukatazamana. Machozi yakaanza kuchora mistari kwenye poda yake.

"Nina mimba ya miezi minne," akasema. "Wazazi wangu hawajui."

"Usilie," nikamwambia. "Mimi ni fundi. Tafuta uzi."

Katika kabati la vitambaa vya madhabahu tukapata sindano na uzi mweupe. Nikalivaa gauni, bado lina joto la mwili wake, nikampa mgongo. Mgongo wako mwenyewe huwezi kuushona, hata uwe fundi wa namna gani. Kwa hiyo yule dada, amesimama na shimizi siku ya harusi yake, akanishonea ndani ya gauni huku mimi nikimwelekeza.

"Mshono mfupi. Vuta. Usiogope, vuta kabisa."

"Nikikuchoma?"

"Nichome tu. Saa zinakwenda."

Akanichoma mara mbili. Tulipomaliza tulikuwa tunacheka mpaka shangazi akagonga mlango kuuliza kama tumerukwa na akili.

Nilifika madhabahuni saa nane na nusu. Watu wa Donholm walilisifu gauni. Kwenye hotuba yake mwenyekiti aliwaambia limetoka ng'ambo. Nilikaa wima kama ubao, sikumeza hata punje ya pilau kwa hofu ya mishono, na jioni mume wangu aliukata uzi kwa wembe, mshono mmoja mmoja, akiomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya.

Jumatatu tulilirudisha pamoja, mimi na yule dada. Mwenye duka akaikagua zipu, akafoka, akataka tulipe.

"Uliuza siku moja mara mbili," yule dada akamwambia. "Zipu ni yako."

Mwenye duka akanigeukia mimi. "Muulize shangazi yako. Nilimwambia kuna bibi arusi wa asubuhi, siku ile ile aliyokuja kulipa. Ndiyo maana nikampunguzia."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ilinichukua wiki nzima kucheka. Shangazi sikumuuliza kitu. Ningemuuliza nini, naye tayari alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa harusi nyingine huko mtaa wa Fedha, na kila alipokwenda aliwasimulia watu jinsi yetu ilivyokuwa nzuri?