Hina Nyeusi na Pumzi ya Bibi Harusi

Wewe unatuma video ya harusi kutwa nzima, lakini utafiti ya daktari wetu wa mapafu hapa Arua hujasoma hata ukurasa moja. Huyu mama anasugua mikono ipate joto kwanza, halafu anaangalia kifua kabla ya mashine. Juzi walileta bibi harusi kutoka Koboko, pumzi inakatika, vidole yote nyeusi na hina. Kipimo ya oksijeni ikakataa kusoma kidole. Nesi akachukua pamba ya spiriti.

"Usifute, hiyo hina ya Juba, ya bei!" shangazi ya bibi harusi akapiga kelele.

"Hakuna mutu anafuta, mama," daktari akasema, akabana kipimo kwa sikio. Oksijeni iko chini sana. Akamfungulia hewa ya oksijeni, akashika mkono yake mpaka midomo ikarudi rangi. Hii yote aliandika zamani kwa ile utafiti: hina nyeusi inazuia mwanga ya kipimo kwa kidole. Kama dada yako anaolewa, mwambie aache kidole moja bila hina.