Dirisha la Mpangaji

Siku moja ya mvua naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimepanga chumba Isevya, katika tembe la Mzee Maganga. Chumba hakikuwa na dirisha. Mvua ikinyesha tulipikia ndani, na mtoto wetu wa kwanza alikohoa hadi akashindwa kunyonya.

Mke wangu Tereza akasema, "Baba Yosefu, kamwombe mzee tutoboe dirisha. Hiyo haya yako itatuulia mtoto."

Kweli nilikuwa mtu wa haya. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaenda, nikatoa shikamoo, nikaeleza.

"Marahaba," akajibu Mzee Maganga. "Dirisha hapana. Mpangaji aliyekutangulia alipanda mlimao uani, nikamwachia. Siku ya kuhama akadai mti wake na kiwanja chake, tukafikishana barazani kwa mtemi. Wewe leo dirisha, kesho utasema ukuta ni wako."

Sikumlaumu. Kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye mti, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mkewe, Bibi Kalunde, alikuwa akipepeta mtama kando yetu. "Mzee, mlimao una mizizi. Dirisha lina mizizi gani? Ita majirani wasikie. Ukuta wako, mbao zake. Akihama ang'oe mbao, azibe tundu kwa udongo. Au unangoja tumzike mtoto wa watu?"

Mzee akacheka kidogo. "Huyu angekuwa mtemi, ningehama mimi."

Majirani wakaja, tukapatana mbele yao. Nikatoboa, nikatia fremu ya mninga. Moshi ukapata njia, mtoto akapona. Mzee naye akazoea kupita dirishani kila asubuhi kumsalimu.

Tulipopata nyumba yetu wenyewe Kwihara, nikaenda kung'oa fremu kama tulivyopatana. Nikamkuta mzee amekaa chini ya dirisha, na mbao mpya za mninga, zimepigwa randa vizuri kuliko zangu.

"Chukua hizi," akasema. "Hiyo iache. Mpangaji ajaye naye ana watoto."

Mwanangu, ukijaliwa nyumba, usimzuie mpangaji kuitengeneza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila pataneni kwanza, mbele ya watu, nini kitabaki na nini kitaondoka. Ukiwa mpangaji, omba kabla ya kushika sururu, hata kama ulimi ni mzito. Mungu akujalie nyumba yenye hewa, na mtu wa kukusalimu dirishani.