Blanketi la Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wagonjwa wa akili huko Mbeya, niliingia na sare iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza na kichwa kilichojaa majina ya magonjwa. Sista mkuu wa wodi, mama wa Kinyakyusa asiyecheka ovyo, alinisikiliza nikiyataja yote.

"Umemaliza, mwanangu? Haya. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani amekula?"

Sikujua.

"Amelala? Ameoga? Jana kaongea na nani?"

Sikujua hata moja.

"Basi nenda ukakae naye. Majina ya magonjwa hayatakimbia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu. Sista alisema akili haina kipimajoto, kwa hiyo muuguzi anapima mabadiliko. Mcheshi akinyamaza, mwulize. Mkimya akianza kuongea usiku kucha na kugawa mali yake, mwulize pia. Yupo anayejibu sauti ambazo wengine hawazisikii, na yupo mzazi asiyetaka kumshika mtoto aliyemzaa juzi. Nawaandikia haya ninyi wauguzi vijana nikiwa mstaafu na mjane, peke yangu Ipogolo, pembeni mwa mji wa Iringa, na mwaka huu imenibidi nijiulize kama naweza kuzitambua dalili hizo zikiwa zangu mwenyewe.

Baadaye nilihamishiwa Kilolo, kwenye milima ya Iringa, kuwa mratibu wa afya ya akili, cheo kirefu kwa mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Kule kulikuwa na kosa moja la watu wa baridi, na sijaliona mahali pengine. Mtu akijikunyata mekoni siku nzima na blanketi lake, hakuna anayeshtuka. Baridi ya Kilolo ilibebeshwa lawama za kila kitu.

Baba Salome, mkulima wa viazi, alikuwa hivyo. Nilimkuta mekoni, blanketi mpaka masikioni. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Salamu za Kihehe ni ndefu, zinauliza nyumba, watoto, mifugo na shamba. Yeye aliitikia neno moja akarudi kuangalia majivu.

"Ni baridi tu, Sista," mkewe akaniambia. "Huyu mnyalukolo, Mhehe wa hapahapa, hajawahi kuiweza baridi."

Nilirudi nikamweleza Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya, mzee mkavu aliyeongea huku akisafisha miwani.

"Leo jua limewaka?" akaniuliza.

"Limewaka, mganga. Watu wako mashambani wamevua masweta."

"Na yeye je?"

"Na yeye ana blanketi."

"Basi siyo baridi. Rudi kesho, na usiogope kumwuliza kama anaona afadhali asiwepo. Swali hilo halimpi mtu wazo. Linampa nafasi ya kulitua. Halafu uliza nani atakaa naye. Usitoke pale bila kupewa jina la mtu."

Nilirudi, nikamwuliza. Baba Salome akasema ndiyo, kila alfajiri. Mkewe akaangusha mwiko. Ilikuwa sonona, yaani huzuni inayoganda wiki kwa wiki mpaka mtu anashindwa kula, kulala na kufanya kazi, na mara nyingi watu huiita uvivu. Nilipouliza nani atakaa naye, mkewe alisema "Mimi," na kaka yake Baba Salome aliyekuwa mlangoni akasema "Na mimi." Alipata dawa na maongezi, hakuachwa peke yake. Msimu wa mavuno alikiletea kituo debe la viazi, akiwa na shati tu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nilistaafu nikashuka Ipogolo, chini ya mlima, ambako baridi haina nguvu ya kumkunyatisha mtu. Mume wangu alizikwa mwaka uliofuata. Watoto wako mbali, wanapiga simu, nami nawajibu kwamba sijambo. Nilianza kupika mara moja kwa siku, kisha chai tu. Kanisani nikaacha kwenda, nikasema ni magoti. Malori yanapanda na kushuka barabarani, nami nimelala macho nikiyasikiliza. Upweke wa nyumba iliyowahi kujaa ni mbaya, sitauficha.

Juzi Mama Neema, jirani anayeuza nyanya barabarani, alipita mchana wa jua kali kuazima karai kwangu. Akasimama mlangoni akaniangalia.

"Shikamoo mama. Mbona blanketi?"

"Marahaba. Ni baridi tu."

Hakubisha. Alichukua karai, akatoka, akageuka mara mbili njiani. Mimi nikabaki na maneno yangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nimewaambia wengi methali hiyo nikiwa na sare.

Asubuhi yake nilipanda bajaji hadi hospitali mjini, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Muuguzi wa zamu ni binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Hakuanza na majina ya magonjwa. Aliniuliza usingizi, akauliza chakula, akauliza lile swali zito bila kushusha macho. Nikajibu kweli kwamba sijafika huko, ila njia naiona.

Kisha akauliza, "Bibi, nyumbani nani atakaa na wewe?"

Miaka yote ile nimewauliza watu swali hilo, sikujua linauma hivi. Nilitafuta jina. Mwanangu wa kwanza yuko Mwanza. Wa pili Dar. Binti akasubiri, kalamu mkononi, na nikaona kwamba hatoki pale bila jina.

"Mama Neema," nikasema.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, mwanangu. Ndiye aliyeliona blanketi."