Jina Langu Liko Kwenye Sahani ya Santuri

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958. Asubuhi ya baridi na manyunyu, ukungu umefunika mkonge hadi barabarani.

Nina miaka ishirini na tatu. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Thika na naishi Makongeni na wazazi wangu, waliotoka magharibi kufuata kazi ya kiwandani. Naandika shajara kila siku tangu nilipokuwa sekondari, kwa hiyo haya nimeyanakili humo. Majina nimeyabadilisha, na mwenye ukurasa huu wa ushauri gazetini ameahidi kunificha. Msinionee huruma kabla hamjamaliza kusoma.

Tarehe 12 Aprili alikuja Zakayo, mtu wa kwetu anayepiga gitaa kwenye dansi za wafanyakazi. Alikuwa ameitwa Nairobi kurekodi sahani ya santuri, na wenye mashine walitaka maneno ya wimbo kwanza, yameandikwa kwa Kiswahili. Zakayo hajui kusoma.

"Mwalimu, dada yangu," alisema, "vidole vyangu vimesoma, kichwa ndicho hakikwenda shule. Nipangie maneno."

Wimbo ulikuwa wa kumwaibisha Rodha, msichana aliyemkataa. Mimi ndiye ninayeongoza kwaya, na kanisa letu halitaki mwanakwaya aguse mambo ya dansi. Ningemwambia aende zake. Lakini Rodha aliwahi kusema mbele ya kwaya nzima kwamba nikiimba, bata huitikia. Nikachukua kalamu.

Niliandika kwamba uso wake ni taa ya sokoni, kila mpita njia humulikwa. Niliandika kwamba mahari yake imeliwa katika nyumba tatu na bado anapiga hodi ya nne. Maneno ya Zakayo yalikuwa machache. Makali yote ni yangu. Nilicheka peke yangu nikiandika. Watu wa gitaa humtaja mtu kwa jina na mahali anapokaa, ndipo wasikilizaji wafurahi, lakini Zakayo aliniambia niache nafasi ya jina, huenda Rodha akalainika. Nikaacha mstari mtupu. Kisha chini ya karatasi nikatia jina langu, Makongeni, na tarehe, kama tulivyozoezwa shuleni kwa kila karatasi.

Rodha akalainika kweli. Walipatana kabla ya safari. Huko Nairobi karani alimsomea Zakayo mstari mmoja mmoja, naye akaimba. Walipofika kwenye nafasi, karani akauliza jina. Zakayo akasema hana. Karani akatazama chini ya karatasi, akasoma lililokuwapo, na mahali pake, na Zakayo akaliimba hivyo hivyo.

Sasa jina langu linaimbwa kwa fundi cherehani, linaimbwa kwenye hoteli za chai, linaimbwa na wanaume wanaotoka kazini ambao hawajawahi kuniona. Darasani nikigeukia ubao, watoto huvumisha ule wimbo kwa midomo iliyofungwa. Nikiwageukia, wote ni malaika. Nauchukia ule mlio wa sindano kabla gitaa halijaanza. Watu wanasema muziki huondoa uchovu. Mimi nimeona unavyomfanya mtu mwema atikise bega huku mwenzake akichinjwa.

Mchumba wangu, Elia, ni mhudumu wa dispensari katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Tarehe 13 Julai kanisa lilisoma tangazo letu la kwanza la ndoa. Jumatano yake mama yake aliingia hoteli moja pale Ruiru kunywa chai, na sahani ilikuwa inazunguka.

"Mama Elia," mwenye hoteli alimwambia, "si huyu ndiye mnayetuletea? Afadhali mahari yenu ni ya nne, mmepunguziwa."

Watu wakacheka. Mama hakumaliza chai. Tangazo la pili halikusomwa, na wazee wa kanisa wametuita mbele yao Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Nilikwenda kwa Zakayo. Nilimkuta na Rodha wakimenya viazi kama watu waliooana miaka kumi.

"Ungemwambia karani aliondoe jina langu," nilisema.

"Lilikaa vizuri kwenye gitaa, mwalimu. Nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kumsimamisha mzungu na mashine yake."

Rodha hakuinua macho. "Na mimi je?" aliuliza. "Lingekuwa langu, ungekuja hapa na hasira hizo?"

Nilimgeuzia mgongo. Nilimwomba Zakayo aje kwa wazee aseme simo katika habari ile. Alifungua sanduku akanionyesha karatasi, mwandiko wangu mzuri, jina langu chini.

"Nitakuja," alisema. "Lakini wakiniuliza nani aliyatunga, sitabeba dhambi peke yangu. Mimi nilileta gitaa tu."

Elia hajui lolote. Alinunua sahani ile na kuivunja mbele ya mama yake kwa nyundo. Amesema atashika Biblia mbele ya wazee na kuapa kwamba maneno yale yalitungwa na mlevi asiyenijua. "Aliyeandika vile hana moyo wa binadamu," aliniambia juzi, akinishika mkono. Nikauacha mkono wangu pale pale.

Wasomaji, Zakayo nikimnyamazisha, Elia ataapa uongo kwa ajili yangu bila kujua. Nikisema, nitapoteza kwaya, labda na kazi, na yeye atajua kwamba nililia kwa sababu ya jina tu, si kwa sababu ya maneno. Maana lingekuwa la Rodha, ningekuwa navumisha na wale watoto. Nishaurini mkijua hilo: nimwambie Elia kabla ya siku ya wazee, au nimwache aape?

Nilizima taa saa nne na nusu. Mstari huu nauongeza Jumapili asubuhi: nilipata usingizi saa tisa kasorobo.