Nilificha vifaa vya mtoto kwenye friza ya mteja, friza ikavuka ziwa siku mke wangu anajifungua

Wakuu, habari za mchana. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mke wangu ameupitia uzi huu kabla sijaubandika. Alifuta sehemu mbili tu.

Kilichonisukuma ni jamaa mmoja humu aliyeomba ushauri juzi. Anatarajia mtoto wa kwanza, anauliza anunue nini. Watu wakamwaga list ndefu kama ya harusi. Nikaona nisinyamaze, maana ugonjwa huo nimeugua.

Mimi ni fundi wa friji na friza. Karakana yangu iko Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo wateja wangu wengi ni wauza samaki.

Nakaa juu mlimani, kule nyumba zilikojibana katikati ya mawe. Mnaoijua Mwanza mnanielewa. Bodaboda inakuishia chini, panapobaki unamalizia kwa miguu, na kuna sehemu mbili lazima ushike jiwe kwa mkono.

Tuna chumba na sebule. Mke wangu anaitwa Koku, ni mwalimu wa sekondari, kwao Muleba. Mama yake naye alikuwa mwalimu, akihamishwa shule mara kwa mara. Koku amekulia kwenye nyumba ambayo kila kitu lazima kienee kwenye pikapu moja, safari moja. Alipokuwa mtu mzima akaona hivyo ndivyo watu wanavyotakiwa kuishi.

Kwetu vikombe ni vinne. Tukizidi wanne, mimi nakunywa chai kwenye bakuli.

Nilipomwambia kwamba tabia hiyo ina jina, watu wanaiita minimalism, akasema yeye anaiita kumaliza kufagia mapema.

Mimba ilipofika miezi sita, akaandika orodha ya vitu vya mtoto, akaibandika nyuma ya mlango. Kanga doti tatu. Nepi za kitambaa. Nguo chache za kufungua mbele, maana mtoto hukua na kuziacha haraka. Kofia, soksi, blanketi moja. Chandarua. Beseni.

Basi.

Nikaisoma, nikamsifia. Na siku hiyo nilikuwa nasema kweli.

Tatizo likaanzia kliniki. Nimekaa kwenye benchi, jamaa wa pembeni ananionyesha picha za chumba cha mtoto wake. Chumba, wakuu. Kina pazia la twiga. Halafu akaniuliza, "Wewe umeshaandaa nini?"

Nikasema, "Beseni."

Akanyamaza kwa heshima, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Niwe mkweli, haukuwa wivu. Ilikuwa hofu. Baba yangu alikuwa mtu wa biashara za visiwani, tulimwona mara moja moja, na kila akija anakuja na zawadi kubwa. Kichwani mwangu baba ni mtu anayeleta vitu. Sikujua baba hufanya nini kingine.

Basi nikaanza kununua.

Kwanza kigari cha kusukuma mtoto, cha mtumba, kizuri, kina hadi sehemu ya kuweka kikombe. Halafu kiti kinachotikisika na kuimba. Halafu mashine ya kuchemshia chupa za maziwa. Halafu kale kaspika ka kumsikilizia mtoto akilia akiwa chumba kingine. Wakuu, nyumbani kwetu mimi nikipiga chafya, jirani wa nyumba ya pili anasema afya. Lakini nilinunua.

Nyumbani siwezi kupeleka. Nikavificha karakana.

Kulikuwa na friza kubwa ya mteja wangu, Mama Rehema. Huyu mama ni mfanyabiashara wa samaki wa siku nyingi hapo Mwaloni, na alikuwa anafungua tawi Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Friza yake ilikuwa inasubiri compressor, ile mashine inayoleta baridi, kwa miezi. Ni safi, haina vumbi, ina kufuli. Nikapanga vitu humo, ufunguo nikawa natembea nao mfukoni.

Mimba ilipofika mwezi wa nane Koku akanikabidhi begi la hospitali. Vitu vyote vya kwenye orodha vimo, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Akasema, "Kaa nalo karakana. Uchungu ukinishika nitashuka mlima mikono mitupu, wewe utanikuta hospitali na begi."

Mpango mzuri kabisa. Begi nalo nikaliweka kwenye friza, juu ya kigari.

Compressor ikapatikana. Nikaifunga, nikaijaribu, ikakubali. Nikampigia Mama Rehema nikamwambia friza yako iko tayari, nikijua huwa anachukua wiki nzima kuja. Nikasema moyoni, jioni nitaitoa mizigo yangu.

Asubuhi ile ile nikaitwa Usagara, friji ya bucha imegoma. Nikapanda daladala, nikaenda.

Nikiwa nimelala chini ya friji ya watu, simu ikaita. Koku.

"Maige, chupa imepasuka."

Kwa kuwa alikuwa hajamaliza miezi, akili yangu ikaenda kwenye vyombo. Nikamwambia usiikanyage, fagia kwanza.

Halafu akasema taratibu, kama anamfundisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza, "Chupa ya uzazi. Jirani ananishusha sasa hivi. Lete begi."

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe.

Sikumbuki nilivyotoka Usagara. Nakumbuka kuingia karakana na kuona sakafu tupu pale friza ilipokuwa. Sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya friza.

Mwenzangu wa karakana, Deus, alikuwa anakula mihogo.

"Friza iko wapi?"

"Mama Rehema ameichukua. Amekuja na pikapu."

"Hamkuifungua?"

"Kwa ufunguo gani? Ila Maige, hiyo compressor uliyofunga ni ya nguvu. Tuliibeba watu sita."

Nikampigia Mama Rehema. Nyuma nasikia injini na watu wanapiga kelele. Daraja lipo, ila yeye ni mtu wa kivuko, anasema darajani hakuna watu wa kupiga nao soga.

"Mama Rehema, hiyo friza usiifungue."

"Fundi, siku hizi watu hawasalimiani?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Enhe, friza ina nini?"

"Kuna vitu vya mtoto humo ndani."

Halafu sauti ikashuka. "Fundi. Na mtoto yuko wapi?"

"Anazaliwa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama. Na begi lake liko humo."

"Mimi niko katikati ya maji," akasema. "Unataka nigeuze kivuko?"

Nikamtupia Deus ufunguo, nikamwambia afuate kivuko kinachofuata. Mimi nikakimbilia hospitali nikiwa na bisibisi mfukoni.

Nilifika mtoto ameshazaliwa. Wa kike, kilo mbili kasoro.

Nesi akatoka, mama wa makamo, hana haraka na maneno. "Baba wa huyu mtoto mdogo ni nani?"

Nikanyoosha mkono.

"Vitu vyake viko wapi?"

"Vimeenda Sengerema."

Akanitazama. Nadhani ameshasikia majibu mengi kazini kwake, lakini hilo lilikuwa geni.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama amejifungua, bibi yake yuko pembeni. Yule bibi hakuuliza kitu. Alifungua kifurushi chake akatoa kanga mbili na kofia ya kufuma, akampa nesi. Sijui hata jina lake hadi leo.

Halafu nesi akaniambia Koku amepoteza damu nyingi kuliko inavyotakiwa, wanamshughulikia chumba cha pili, na mtoto anahitaji joto. Joto la mwili wa mtu, ngozi kwa ngozi.

"Mama yake hawezi kwa sasa. Nawa mikono na kifua vizuri. Vua shati."

Nikasema, "Mimi?"

Akasema, "Kuna baba mwingine hapa?"

Nikanawa. Nikavua shati mbele ya wodi nzima ya wanawake. Nina kitambi, wakuu, na kifuani nina manyoya mawili matatu yasiyo na mpangilio. Wakamweka mtoto hapo, kichwa chini ya kidevu changu, wakamfunga na kanga ya yule bibi, wakaniketisha kwenye kiti cha plastiki.

"Usitikisike sana. Akibadilika rangi, au ukiona hapumui vizuri, niite."

Nikakaa.

Alikuwa mwepesi kuliko spana yangu ya bomba. Moyo wake unakwenda mbio, wangu nao unakwenda mbio, sikuweza kutofautisha upi ni upi. Kila baada ya dakika nainamisha macho kuangalia kama anapumua. Na kila mlango wa chumba cha pili ukifunguka, nainua macho kuangalia kama ni habari za Koku.

Pale ndipo niliogopa kweli. Hofu ile ya kwenye benchi la kliniki ilikuwa mchezo. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kisukuma, nikamaliza kwa kuahidi mambo ambayo sitayaandika humu.

Hakuna kitu hata kimoja nilichonunua ambacho kingenisaidia kwenye kile kiti.

Baada ya muda mrefu nesi akaja akasema damu imekata, mke wako yuko macho. Nikalia. Machozi yakamdondokea mtoto kwenye kofia, bibi wa pembeni akaja akaifuta kwa ncha ya kanga bila kusema neno.

Wakaja wakanisogeza karibu na kitanda cha Koku. Midomo yake imepauka. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaangalia kanga.

"Hii kanga si yangu. Begi liko wapi?"

Nikamweleza yote. Friza, kufuli, Mama Rehema, kivuko. Halafu nikaona kwa kuwa nimeshavuliwa shati, nivuliwe na siri. Nikamtajia kigari, kiti kinachoimba, mashine ya chupa, spika.

"Kigari," akasema.

"Cha mtumba. Hali nzuri."

"Utamsukuma wapi, Maige?"

Nikafikiria kwa haki. "Kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe la kwanza."

Alicheka hadi nesi akaja kumkataza. Wakuu, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Kesho yake mchana nikiwa nimekaa vile vile, kifua wazi, mtoto amelala, mlango ukafunguka akaingia mama mkwe. Amesafiri kutoka Muleba kwa basi la alfajiri.

Wengine mnajua heshima ya mkwe. Mimi mbele ya yule mama hata tonge nilikuwa simezi vizuri. Na sasa ananikuta kitambi nje, nimefungwa kanga. Nikataka kusimama, nikashindwa. Nikataka kuinamisha kichwa, kuna kichwa kingine hapo chini.

"Shikamoo mama," nikasema kwa mnong'ono.

"Marahaba baba. Kaa hivyo hivyo, usimwamshe."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaangalia mtoto kwa muda. Halafu akasema, "Unajua, mzee wangu hakuwahi kumbeba Koku mpaka alipoanza kutembea. Alikuwa anaogopa kumvunja."

Ndiyo mazungumzo ya kwanza ya maana kati yangu na yeye tangu nioe.

Na mkoba wake? Nilitegemea mizigo. Alikuja na kifuko kimoja: ndizi, chupa ya chai, na kanga.

Sasa begi. Deus alikuwa amefika Sengerema jana yake jioni, akakuta friza inanguruma.

Aliporudi, Deus akampigia simu Mama Rehema mbele yangu, ili mama anieleze mwenyewe. "Fundi, uliniambia nisiifungue. Hukuniambia nisiiwashe. Samaki wangu wanakuja asubuhi, lazima ipate baridi."

Na ilipata. Nathibitisha kama fundi, ile kazi niliifanya vizuri. Kumbe zile nguo Koku alikuwa amezikunja zikiwa na unyevunyevu kidogo. Deus anasema alizikuta nepi ngumu kama mbao. Soksi ukiigonga mezani inalia. Mashine ya chupa imepasuka mfuniko, kiti cha kuimba kilitoa sauti moja ya huzuni kikanyamaza moja kwa moja.

Mama mkwe akazipeleka nguo nyumbani mlimani, akazifua upya, akazitandaza juu ya mawe juani. Jirani akamuuliza kulikoni, akajibu, "Zimetoka safari."

Kigari kiko karakana. Deus anabebea mitungi ya gesi, na kikombe cha chai anaweka sehemu yake.

Binti yetu sasa ana miezi saba, mzito, ana mashavu ya kukopesha. Tulichotumia ni kile cha kwenye ile orodha, na hata humo blanketi halikuwa na kazi kubwa kwa joto la hapa. Kanga ndiyo imefanya kila kitu: kubeba, kufunika, kufuta, kutandika, kuzuia jua. Nimerudi wodini kumtafuta yule bibi nimpe kanga mpya, wakaniambia walisharuhusiwa siku nyingi.

Kwa hiyo wewe uliyeomba ushauri, nakujibu hivi. Andikeni orodha fupi wewe na mkeo, iwe moja, na usinunue kwa hofu. Vitu vya hospitali vikae mahali ambapo hakuna mtu anaweza kuvipakia kwenye pikapu. Na uwe karibu. Siku hiyo nilikuwa sina chochote mkononi na bado nilihitajika kuliko siku zote za maisha yangu.

Wazazi wenzangu, tajeni kitu kimoja tu mlichotumia kila siku, na kimoja mlichonunua kikabaki kinawaangalia. Wanaume mliowahi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki mjitokeze, tusionekane wachache.

Na wauza vigari, naomba msije PM. Koku anasoma simu hii.