Kiarabu Kisicho na Irabu

Sikuwahi kuwa daktari wa falsafa, na leo hilo haliniumi tena kama zamani. Kilichobaki ni uchovu. Mtu akichoka kwa jembe au kwa kubeba magunia bandarini, watu humpisha kiti. Aliyechoka kwa kusoma haonewi huruma, maana muda wote alionekana ameketi.

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali mjini, nikikaa Temeke katika nyumba ya udongo ambayo mimi na mke wangu tuliikandika kwa mikono yetu. Asubuhi baiskeli, alasiri baiskeli, na katikati yake watoto wengi kuliko madawati. Nilikuwa na tamaa moja tu. Nilitaka kuandika habari za miji ya kale ya pwani yetu: nani waliojenga misikiti ile iliyobaki kuta tupu, walikula nini, kwa nini waliondoka. Nikamwendea Bwana Elimu, yule Mzungu aliyesimamia shule zetu, nikamweleza. Akasikiliza, akasema kazi kama hiyo hufanywa na mtu anayesomea udaktari chuo kikuu. Nikamwuliza njia ya kufika huko.

Alinieleza bila kunidharau, na kwa hilo namshukuru. Kwanza cheti cha kuingilia chuo kikuu. Kisha shahada ya kwanza, ambayo mtu aliweza kuisomea kwa posta huku akifanya kazi, miaka na miaka. Kisha, ukifaulu vizuri, unakwenda Uingereza kutafuta profesa atakayekubali kukusimamia, unaandika kitabu kizima juu ya jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliandika, unakaa mbele ya wakubwa wanakuhoji. Ndipo unaitwa daktari. Nikamwuliza ni nani atakayegharimia yote hayo. Akajikuna shavu. Serikali ilikuwa na fungu la masomo ya ng'ambo, lakini fungu hilo lilipenda mifugo, mashamba na hospitali, na watu wa historia walikaa mwisho wa mstari. Hata hivyo angenipendekeza, nikileta cheti cha kuingilia kabla sijavuka umri uliowekwa. Umri wenyewe ulikuwa umeshanifikia mlangoni. Nikifeli safari hii, safari ya pili isingekuwepo.

Mke wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi nilipomweleza. Hakuinua uso. "Ukimaliza kupanda ngazi zote hizo, mume wangu, utabaki na jino hata moja?"

"Kwanza mtihani mmoja," nikamwambia.

"Mmoja ndio huzaa wenzake."

Masomo mengine sikuyaogopa. Lakini palikuwa na sharti la lugha ya pili, na Kiswahili hakikuhesabiwa kwa mtu aliyezaliwa nacho. Orodha ilikuwa na Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, na Kiarabu. Nilipoliona lile la mwisho nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimehitimu Kurani kabla sijaota ndevu! Walimu wenzangu waliosoma misheni walikuwa wanahangaika na Kilatini tangu mwaka wa kwanza, na mimi nikawaonea huruma, nikaandika Kiarabu bila kufikiri mara mbili.

Nikaenda Kurasini kumpa habari maalim wangu. Chuo chake cha Kurani kilikuwa barazani kwake, hapo hapo nilipojifunzia alifu na bee, na bakora yake ilikuwa inatujua sote kwa migongo. Alikuwa mzee mwembamba, mwepesi wa hasira, na alifiwa na watoto wake wote wangali wachanga. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa watu wake. Aliposikia kwamba Wazungu watamtahini mwanafunzi wake Kiarabu alinishika mkono. Ijumaa ile, baada ya sala, akasimama akawatangazia watu. Nikasomewa dua, ubani ukafukizwa, halua ikazungushwa. "Huyu atawashinda," maalim akasema, na watu wakaitikia amina. Nilivimba kichwa siku ile. Ningejua, ningeingiwa na hofu.

Baada ya muda nikaletewa kwa posta karatasi ya mtihani wa zamani ili nijizoeze. Nikaifungua, nikaikodolea macho. Haikuwa na irabu. Vile vialama vya juu na chini ya herufi, vinavyokuambia hapa tamka a, hapa i, hapa u, havikuwepo hata kimoja. Msahafu wote una irabu, na mimi maisha yangu yote sikuwa nimesoma Kiarabu kingine ila cha msahafu. Nilikuwa siwezi hata kuitamka ile karatasi, sembuse kuielewa.

Nikampelekea maalim. Akaiweka karibu na macho, akaiweka mbali. "Mbona iko uchi hii?" akasema. Nikamwuliza maana ya mstari wa kwanza. Akanirudishia karatasi, akaendelea kuwasomesha watoto, na sauti yake ilikuwa kali kuliko kawaida.

Nilirudi Temeke naburura baiskeli. Njiani nikaanza kujisomea sura ninazozipenda, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza nasema nini. Ukiondoa maneno ambayo kila Mwislamu anayajua, sikujua. Nilisoma kwa ufasaha watu wakafumba macho kwa utamu, na sikujua. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Nikamkimbilia Mshihiri mwenye duka mtaani kwetu. Yeye alizaliwa huko huko Arabuni, Kiarabu ndicho alichonyonya. Akaitazama karatasi, akacheka mpaka akashika mizani isianguke.

"Bwana mwalimu, haya maneno ya watu wa Misri, watu wa magazeti. Mie kwetu nilichunga mbuzi, sikusoma. Nikikufundisha Kiarabu changu utafeli upesi zaidi."

"Nifundishe hicho hicho."

Basi akanifundisha kusalimu, kupatana bei, kulalamikia sukari iliyoloa, na matusi mawili ambayo sikuyahitaji. Mmoja alisoma bila kuzungumza, mwingine alizungumza bila kusoma. Nikawa kama mtu aliyeazima viatu, cha kulia nyumba hii na cha kushoto nyumba ile, na anatakiwa akimbie.

Nikanunua kitabu cha sarufi kilichotoka Unguja, nikaanza mwanzo kama mtoto. Nikishamaliza kusahihisha madaftari ya watoto wa watu ndipo nalifungua langu. Kiarabu kina maneno yanayoficha mzizi wake ndani, unalitafuta neno kwenye kamusi hulioni mpaka uling'oe kwanza magamba yake. Siku nyingine nilisoma mstari mmoja tu, nikalala na kalamu mkononi. Mke wangu aliacha kunitania. Alikuwa ananisogezea chai, anaondoka kwa kunyata, na ukimya wake huo ulinichosha kuliko utani. Nilijua maendeleo yangu ni ya kobe na siku zinakwenda mbio.

Siku ya mtihani tuliketi katika ukumbi wa mjini, kila mmoja na meza yake. Nikageuza karatasi. Maneno niliyajua hapa moja, pale moja, na kati yake giza. Ghafla nikaona neno safina. Moyo ukaruka! Safina naijua, ya Nabii Nuhu. Nikashika kalamu nikateremka nayo: mvua, gharika, wanyama, mtoto aliyekataa kupanda. Niliandika vizuri mno. Miezi baadaye, nilipokuwa nimejifunza zaidi, niliisoma tena ile karatasi nikakuta habari ya abiria aliyegombana na nahodha juu ya mzigo wake wa tende.

Majibu yalipokuja, Bwana Elimu aliniita ofisini akanipa mkono kwanza, nikajua. Masomo yote nimepita, lugha nimefeli, na bila lugha cheti hakitolewi. Umri nao ulikuwa umeshapita. Akasema kwa upole kwamba kuna kozi fupi ya ukaguzi wa shule, kama napenda. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri kitu. Nilipanda baiskeli nikaenda nayo polepole mpaka nyumbani, nikalala na viatu miguuni, mchana kweupe.

Mtaani wakanipachika jina la Daktari. "Vipi Daktari, umeshatoa dawa?" Hilo nililistahimili. Nisichoweza kukistahimili ni kumtazama maalim usoni. Watu waliitikia amina kwa ajili yangu, kwa neno lake. Nikaacha kabisa kupita Kurasini, na Ijumaa nikawa nasali msikiti mwingine.

Ikafika alasiri moja mke wangu akanifuata uani. "Toka uje. Maalim yuko barazani, kaja kwa miguu."

Kutoka Kurasini hadi Temeke, kwa magoti yale ya uzee! Nikatoka nikiwa nimeinamisha kichwa. "Shikamoo maalim."

"Marahaba. Umenikimbia."

"Nimefeli, maalim. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Wamekufelisha wao. Mie bado sijakutahini."

Akafungua kitambaa alichokibana kwapani, akatoa msahafu wake, akauweka juu ya mapaja. Hakuufungua. Alikuwa anatazama njiani.

"Nasikia hicho kitabu cha Unguja hujakiacha," akasema.

"Sijakiacha, lakini ninachojua ni kidogo mno."

"Kidogo chako mie sina. Nilifundishwa kusoma, nami nikakufundisheni kusoma. Maana ya maneno hakunipa mtu. Masheikh wakubwa wa mjini nitawaulizaje leo, na mvi hizi? Wataniuliza siku zote nilikuwa nafundisha nini."

Sikujua pa kutazama. Sikuwahi kumwona maalim akiomba kitu.

Akaendelea kwa sauti ndogo. "Wanangu watatu nimewazika. Kila mmoja nilimsomea Yasini mwenyewe, sikumwachia mtu. Nataka kujua niliwasomea nini."

Nikaenda kutawadha. Nikarudi nikakaa mkekani upande wake, nikafungua mahali penyewe. Nikaanza neno kwa neno, na kitabu changu cha sarufi pembeni. Nilichokijua nilikisema kwa Kiswahili, na yeye akakirudia nyuma yangu taratibu, kama tulivyokuwa tunarudia sisi nyuma yake. Mke wangu alisimama mlangoni na kahawa, asiweze kuileta wala kuirudisha.

Hatukufika mbali nikakwama. Nikapekua, nikang'oa magamba, mzizi sikuuona.

"Hili silijui, maalim."

"Liache, tutalirudia," akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi ndevuni na hakuyapangusa, maana kidole chake kilikuwa kimeshatangulia kwenye neno linalofuata.